Fred Gehrke, mchezaji aliyelipwa dola moja kwa kila kaske

Mpira wa Wamarekani si mpira tunaoujua hapa kwetu. Wao wanaubeba mikononi, wanakimbia nao, na mwenye mpira anaweza kuangushwa chini na watu watatu kwa mara moja. Juu ya hiyo kila mchezaji anavaa kofia ngumu, sawa na kaske ya mtu wa pikipiki, lakini yenye vyuma mbele ya uso. Na pembeni ya kila kaske kuna alama ya ekipe: pembe, bawa, kiatu cha farasi, kichwa cha ndege. Mtu aliyekaa juu kabisa kwenye uwanja, hata kama hajui jina la mchezaji hata mmoja, anaona alama na anajua nani ni nani.

Zamani haikuwa hivyo. Kaske zilikuwa za ngozi, rangi ya kahawia ama nyeusi, bila kitu juu yake. Aliyebadilisha mambo hayo katika ligi kubwa ya inchi ile, ligi wanayoiita NFL, hakuwa tajiri wala mwenye kiwanda. Alikuwa mchezaji, mkimbiaji wa mbele, aliyesomea kuchora. Jina lake Fred Gehrke.

Alizaliwa tarehe 24 Aprili 1918 katika mji wa Salt Lake City, jimbo la Utah, mji ulio chini ya milima mirefu, upande wa magharibi wa Marekani. Baadhi ya wasomaji wetu wanaujua mji ule kwa jina, kwani kuna wakimbizi wa Kongo waliopelekwa kuishi kule miaka hii ya karibuni. Gehrke alisoma palepale, kwenye Chuo Kikuu cha Utah. Alicheza mpira na alisoma sanaa. Vitu viwili hivyo, watu wengi walidhani haviendi pamoja. Mwenye kupenda pinso na karatasi, wangesema, hawezi kupenda kugongwa mbavu kila wiki. Yeye alipenda vyote viwili, na maisha yake yote hakuacha kimoja juu ya kingine.

Mwaka 1940 aliingia ekipe ya Rams, ambayo wakati ule ilikuwa katika mji wa Cleveland, jimbo la Ohio. Neno hilo, rams, kwa lugha yao ni kondoo dume, wale wenye pembe zilizojikunja. Lakini mtu angetazama wachezaji wa Rams kutoka asubuhi mpaka jioni, asione kondoo hata mmoja. Jina lilikuwa kwenye tiketi na kwenye gazeti tu.

Kisha vita ikaja. Wachezaji wengi walivaa sare za jeshi, na mwaka 1943 Rams wenyewe walisimamisha kazi mwaka mzima. Gehrke alikwenda California, akafanya kazi kwenye kampuni ya ndege ya Northrop kama mchoraji wa michoro ya kiufundi. Tusipite haraka hapa, juu kazi hii njo inaeleza yote yaliyofuata. Mchoraji wa kiwanda cha ndege hachori kwa kujifurahisha. Anachora kifaa jinsi kilivyo, kwa kipimo, ili fundi akitazama mchoro aweze kukifunga fasi yake bila kukosea. Anajifunza jinsi mstari unavyopita juu ya kitu cha mviringo, jinsi ya kufanya upande wa kushoto ufanane kabisa na upande wa kulia. Ndege ina mabawa mawili. Kaske ina pande mbili.

Mwaka 1945 alirudi Cleveland. Mwaka ule Rams walikuwa na kijana Bob Waterfield ambaye ndiye aliyekuwa anarusha mpira, na walifika mpaka mechi ya mwisho ya ubingwa. Ilichezwa tarehe 16 Desemba 1945, kwa baridi kali sana, wakipambana na ekipe ya Washington. Rams walishinda 15 kwa 14. Pointi moja tu! Na pointi mbili katika hizo 15 walizipata kwa sababu mpira uliorushwa na Sammy Baugh wa Washington, akiwa ndani ya eneo lake mwenyewe, uligonga mti wa goli. Gehrke akawa bingwa wa inchi.

Mtu angefikiri kwamba mji wa Cleveland ungeshangilia miaka kumi. Lakini mwenye ekipe, Dan Reeves, alikuwa anapoteza pesa pale. Mwezi uliofuata tu, Januari 1946, alihamisha ekipe nzima mpaka Los Angeles, karibu na bahari ya Pasifiki. Uwanja mkubwa wa mji ule, Coliseum, ulikuwa mali ya umma, na waandishi weusi wa magazeti waliuliza kwa nini ekipe isiyoandika mchezaji mweusi ipewe uwanja uliojengwa kwa kodi ya watu wote. Ligi ilikuwa imefunga mlango kwa weusi tangu mwaka 1933. Rams wakamwandika Kenny Washington, na kisha Woody Strode. Habari ya Washington inastahili makala yake peke yake. Hapa tunasema tu kwamba alibaki na Rams mpaka mwisho wa 1948, kwa hiyo naye alivaa zile kaske ambazo sasa tunakuja kuzisema.

Gehrke alichoka na kahawia. Hiyo njo sababu, hakuna nyingine kubwa. Mtu aliyesomea rangi alikuwa anavaa kila Jumapili kitu kisicho na rangi. Chuo Kikuu cha Michigan, kweli, kilikuwa kimepaka kaske zake mabawa ya rangi ya njano tangu mwaka 1938, lakini hiyo ilikuwa mpira wa wanafunzi, na mchoro ulifuata tu vipande vya ngozi jinsi vilivyoshonwa. Kwenye ligi ya wakubwa hakuna ekipe iliyokuwa na alama kichwani. Mwaka 1947 Gehrke alizungumza na kocha wake, Bob Snyder, kuhusu wazo lake. Kocha akamwambia alete kaske moja iliyopakwa, ili waone kwa macho.

Alichukua kaske ya ngozi, akaipaka buluu yote, kisha juu ya buluu akachora pembe mbili za rangi ya dhahabu. Pembe inaanza mbele, kwenye paji la uso, inapanda, inapinda kurudi nyuma, halafu inajikunja kuzunguka tundu la sikio. Hapo akili yake ilionekana. Kaske ya ngozi ilikuwa na tundu pale kwenye sikio, na mwingine angeliona kama kitu cha kuharibu mchoro. Yeye alilifanya kuwa katikati ya mkunjo wa pembe, sawa vile kondoo mwenyewe alivyoumbwa: pembe inazunguka sikio. Mchezaji akivaa, kichwa chake kinakuwa kichwa cha kondoo dume. Hakuna maandishi, hakuna jina. Hata mtoto asiyejua kusoma anaelewa.

Snyder alimpelekea Reeves ile kaske. Tajiri aliipenda, lakini alikuwa na hofu: je, sheria za ligi zinaruhusu? Aliuliza, na jibu alilopata ni kwamba ekipe ni yake, afanye anavyotaka. Basi akampa Gehrke kazi: kupaka kaske 75, kwa malipo ya dola moja kila moja.

Tupige hesabu kidogo. Kaske 75 ni pembe 150, zote kwa pinso, zote kwa mkono wa mtu mmoja. Nusu zinapinda kushoto, nusu kulia, na zikikosa kulingana, mchezaji akigeuza kichwa itaonekana. Alitumia majira ya joto ya mwaka 1948 kwa kazi hiyo. Mwishoni dola 75, ambazo kwa thamani ya leo zinakaribia dola 1000. Mafundi wetu wanaoandika majina kwenye milango ya maduka na nyuma ya magari makubwa wanaweza kusema wenyewe kama bei hiyo ni nzuri ama mbaya. Maoni yetu: kwa kazi ya mikono ilikuwa bei ya kirafiki, kwa wazo lenyewe, haikuwa bei hata kidogo.

Kaske hizo zilionekana kwanza Los Angeles, kwenye mechi ya kujipima nguvu kabla ya msimu wa 1948, na wapinzani walikuwa walewale wa Washington. Inasimuliwa kwamba Rams walipotoka kwenye njia ya chini ya uwanja, watu walinyamaza kwanza, kama hawaelewi wanachokiona. Kisha walianza kuelekezana kwa vidole, na makofi yakaanza, yakaendelea dakika kadhaa, watu wamesimama, na mpira bado haujarushwa hata mara moja. Wachezaji wa Rams walikuwa hawajafanya kitu bado. Watu walishangilia rangi.

Lakini rangi juu ya ngozi ni mateso, na hii ni sehemu ambayo wasimulizi wengi wanairuka. Ngozi inakunjika, rangi haipendi kukunjika. Ngozi inakunywa jasho na mvua, na rangi inaanza kuachana nayo kidogo kidogo. Na zaidi ya yote, kazi ya kaske ni kugongwa. Kila Jumapili wanaume wenye kilo mia moja walikuwa wanagonganisha zile pembe kwa nguvu zote. Jumatatu kaske zilirudi zimekwaruzwa, vipande vya dhahabu vimebaki kwenye kaske za watu wengine. Nani azitengeneze? Gehrke. Msimu mzima wa 1948 alikuwa anatembea na makopo ya rangi yake, buluu na dhahabu, na baada ya mechi, yeye mwenyewe akiwa na maumivu ya kugongwa, alichukua pinso na kuziba mikwaruzo ili wiki ijayo ekipe itoke ikiwa safi. Mchezaji wa ligi kubwa, bingwa wa 1945, njo alikuwa pia mtu wa kupaka rangi.

Msaada ulitoka kiwandani. Kampuni ya Riddell ya Chicago ilikuwa inatengeneza kaske za plastiki tangu mwaka 1939, lakini za kwanza zilikuwa zinapasuka, na mwaka 1948 ligi ilizikataza. Mwaka 1949 zikaruhusiwa tena, na Rams wakazichukua, pembe zikiwa zimetiwa rangi kiwandani ndani ya plastiki yenyewe. Mikwaruzo haikuondoa tena mchoro. Gehrke akaweka makopo chini. Mwaka 1950, Rams walikuwa ekipe ya kwanza ya ligi kuonyeshwa mechi zake zote kwenye televisheni. Televisheni ya wakati ule ilikuwa nyeupe na nyeusi, picha ndogo, yenye chenga. Namba ya mgongoni ilisomeka kwa shida, lakini pembe ilionekana. Ekipe nyingine ziliona na zikafuata moja baada ya moja: Philadelphia waliweka mabawa ya tai, Baltimore wakaweka kiatu cha farasi, na miaka ya 1960 ilipofika karibu kila mtu alikuwa na alama yake.

Leo hakuna anayechora kwa pinso. Ganda la kaske za wakubwa ni plastiki ngumu inayoitwa polikaboneti, na rangi inapulizwa kwa mashine. Fundi anasugua kwanza na msasa mwembamba, anafuta vumbi na mafuta yote, anapuliza rangi kwa tabaka nyembamba, anaacha ikauke, na mwishoni anaweka verni, inayong'aa ama isiyong'aa, kufuatana na matakwa ya ekipe. Hatari iko kwenye dawa ya kuchanganyia rangi. Polikaboneti ikiguswa na dawa isiyoipenda, inapata nyufa ndogo ndogo ambazo macho hayazioni, na siku ya kugongwa, ganda linafunguka kwenye ufa ule. Njo maana viwanda vinaandika onyo ndani ya kaske kwamba mtu asipake rangi wala kusafisha kwa dawa yoyote bila kuuliza. Kaske inaweza kupendeza sana na kuwa imekufa ndani.

Alama zenyewe sasa ni stika, ama otokolan kama wengi wetu tunavyosema, lakini nene kuliko zile za kubandika kwenye kioo cha gari, ili zivumilie kugongwa. Shida ni ileile aliyokuwa nayo Gehrke: kitu cha bapa kinawekwa juu ya kitu cha mviringo. Karatasi ya bapa haiwezi kulala juu ya yai bila kujikunja. Kwa hiyo wanaikata njia ndogo ndogo pembeni, ili inapopinda ifungane vizuri. Mtu anayebandika anapima kutoka kwenye matundu ya kaske, anaanza katikati, anasukuma hewa kwenda pembeni kwa kidole gumba. Akiharakisha, puto la hewa linabaki ndani na lote linatoka mechi ya kwanza. Kwenye ekipe kubwa stika zilizochanika zinabadilishwa kabla ya mechi inayofuata. Ile kazi ya Jumatatu ya Gehrke haijaisha, imepewa tu watu wengine.

Kuna habari mbili za pembeni ambazo mpenzi wa mambo haya hawezi kuziacha. Ekipe ya Pittsburgh mwaka 1962 ilitaka kuona kwanza kama alama itapendeza, basi ikaweka upande wa kulia tu. Msimu ukaenda vizuri, watu wakaanza kuuliza juu ya upande mtupu, na mpaka leo wanaweka upande mmoja. Ya pili: katika ekipe 32 za ligi leo, ni moja tu isiyo na alama kwenye kaske, na ni ekipe ya Cleveland, mji uleule ambao Rams waliuacha siku chache baada ya kuwa mabingwa.

Tumrudie mtu wetu. Gehrke alitoka Rams baada ya msimu wa 1949, akacheza mwaka wa mwisho, 1950, na ekipe za San Francisco na Chicago, kisha akaacha kucheza. Lakini kichwa chake hakikuacha kutafuta namna ya kurekebisha vitu. Alipokuwa bado mchezaji pua yake ilivunjika zaidi ya mara moja, na jina lake linatajwa kati ya wale wa mwanzo waliojitengenezea kinga ya uso. Miaka ya 1960 aliingia katika uongozi wa ekipe ya Denver, Broncos, kazi yake ikiwa kutafuta na kuchagua wachezaji. Huko aliona kwamba mpiga mpira kwa mguu anakaa saa nzima pembeni bila kazi, halafu anaitwa kwa ghafla akiwa mguu umelala. Akatengeneza wavu wa kusimamisha pembeni ya kiwanja, mtu apige mazoezi humo mpira usiende mbali. Wavu ule uko kwenye kila uwanja wa ligi leo, na watazamaji wengi hawajawahi kujiuliza ulitoka wapi.

Mwaka 1977 alifanywa mkurugenzi mkuu wa Broncos. Ekipe ile tangu izaliwe mwaka 1960 haikuwa imefika hata mara moja kwenye mechi za mtoano. Gehrke alimchukua kocha Red Miller, na mwaka uleule wa kwanza walishinda mechi 12 na kupoteza 2 katika msimu wa kawaida. Walifika mpaka mechi ya ubingwa, Super Bowl ya 12, tarehe 15 Januari 1978 mjini New Orleans. Dallas waliwafunga 27 kwa 10. Alibaki kwenye kazi hiyo mpaka 1981, ekipe ilipouzwa na mwenye mali mpya akaja na watu wake, kama kawaida ya wenye mali.

Nyumba ya kumbukumbu ya mpira ule iko Canton, Ohio. Mwaka 1972 ilianzisha tuzo kwa watu walioleta kitu kipya, na mtu wa kwanza kabisa kuipokea alikuwa Gehrke, kwa ajili ya zile pembe. Tuzo yenyewe ilipewa jina la Daniel Reeves, yule tajiri wa dola moja, aliyekuwa amefariki mwaka uliotangulia.

Gehrke alifariki tarehe 9 Februari 2002 huko Palm Springs, California, akiwa na miaka 83. Pembe zake zilikuwa zimepita mengi: za dhahabu, kisha nyeupe kuanzia 1964, kisha za njano kuanzia 1973. Zilihamia mji wa St. Louis na ekipe mwaka 1995, zikarudi Los Angeles mwaka 2016. Mwaka 2020 wachoraji wa ekipe waliamua kuzibadilisha umbo, wakaikata pembe sehemu mbili, na wapenzi wa Rams walilalamika sana kwamba mkunjo wa zamani ulikuwa mzuri zaidi, ule uliochorwa na mchezaji kwa pinso, kaske moja moja, mwaka 1948.